Jinsi ya Kusoma Kura ya Maoni Kabla ya Kuiamini au Kuisambaza: Mwongozo Kamili

Msimu wa uchaguzi ukiwadia, swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mbona walisema anaongoza, halafu akashindwa?" Mara nyingi hapo hakuna aliyedanganya. Ripoti ya kura ya maoni, yaani utafiti wa kuuliza sehemu ya watu wanamtaka mgombea gani, ilisema jambo moja, kichwa cha habari kikasema jingine, na msomaji akaishia kwenye kichwa cha habari.

Utaratibu ulio hapa chini unageuza mpangilio wa kusoma. Asilimia za wagombea zinasomwa karibu na mwisho, baada ya kujua nani aliulizwa, aliulizwa nini, na lini. Ukishauzoea, ripoti moja haikuchukui muda mrefu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ripoti kamili kutoka kwa kampuni iliyofanya utafiti. Picha ya skrini au kipande cha video havitoshi.
- Hojaji, yaani maswali yenyewe kama yalivyosomwa kwa wahojiwa, kwa mpangilio ule ule.
- Majedwali ya matokeo yanayoonyesha majibu kwa umri, jinsia, eneo na elimu.
- Kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili. Kile cha kwenye simu kinafaa.
- Kanuni ya ushindi katika uchaguzi unaohusika: nani hutangazwa mshindi, na kwa kiwango gani cha kura.
- Utafiti uliotangulia wa kampuni hiyo hiyo, kama upo.
- Daftari na kalamu.

Ukikosa viwili vya kwanza, simama hapo hapo mpaka uvipate. Hakuna hesabu itakayokusaidia.

## Hatua ya 1: Fika kwenye chanzo

Chukua jina la kampuni lililotajwa kwenye habari, nenda kwenye tovuti yake, utafute ripoti yenye tarehe ile ile. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Andika jina mwenyewe.

Sababu ni kwamba matokeo ya kughushi hutengenezwa kirahisi sana: nembo ya kampuni inayojulikana, duara lenye rangi za vyama, asilimia mbili tatu, basi. Kampuni ambazo jina lake limetumiwa vibaya kwa kawaida hutoa kanusho, kwa hiyo soma pia taarifa zake za karibuni.

Umefanikiwa ukiweza kuonyesha ukurasa wa ripoti ambapo asilimia uliyoisikia imeandikwa. Kama haimo, habari hiyo haina msingi, na kazi yako imekwisha.

## Hatua ya 2: Nani alilipa, na wahojiwa waliulizwa siku gani

Andika mambo mawili kwenye daftari: mfadhili wa utafiti, na tarehe za mahojiano. Tarehe ya kuchapishwa siyo unayoitafuta.

Chama kikilipia utafiti, matokeo hayawi ya uongo kwa sababu hiyo tu. Vyama vinahitaji takwimu sahihi kuliko mtu mwingine yeyote. Tatizo ni uchaguzi wa kipi kitangazwe: tafiti mbaya hubaki kabatini, nzuri ndiyo inayopelekwa kwa waandishi. Ukiona mfadhili ana mgombea, jiulize zile nyingine ziko wapi.

Kuhusu tarehe, uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1948 bado ni somo zuri. Takwimu zilimpa Thomas Dewey ushindi, na baadhi ya kampuni ziliacha kuhoji wiki kadhaa kabla ya siku ya kura kwa kuamini kwamba hakuna kitakachobadilika. Harry Truman akashinda. Kura ya maoni huonyesha siku zile za mahojiano tu. Kama baada ya siku hizo kumetokea mdahalo, kashfa au mgombea kujitoa, unasoma hali iliyokwisha kupita.

## Hatua ya 3: Wahojiwa walipatikanaje

Hapa ndipo wasomaji wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole. Karibu kila mtu huuliza "waliulizwa watu wangapi?" Swali linalotangulia hilo ni "kila mpigakura alikuwa na nafasi ya kuulizwa?"

Mwaka 1936, jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakazirudisha. Hiyo ni idadi ambayo kampuni za leo haziwezi hata kuiota. Jarida likatangaza kwamba katika uchaguzi wa urais Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa kupata asilimia 57 hivi ya kura. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa vya wenye nafuu ya maisha. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli (yaani kundi dogo la kuwakilisha wote) ya watu wapatao 50,000 tu, alimtaja mshindi sahihi.

Sasa fungua sehemu ya ripoti inayoeleza mbinu, na utafute jibu la maswali haya:

Majina yalitoka wapi? Orodha ya wapigakura, namba za simu zilizobuniwa na kompyuta, nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, au watu waliojisajili wenyewe kwenye tovuti? Bahati nasibu ndiyo inayokupa haki ya kufanya hesabu za Hatua ya 6. Paneli za intaneti za watu waliojiandikisha zinaweza kutoa matokeo mazuri zikirekebishwa kwa uangalifu, lakini zinategemea zaidi ustadi wa kampuni.

Mbinu hii ilimwacha nani nje? Utafiti wa simu humwacha asiye na simu na asiyepokea namba asiyoijua. Utafiti wa intaneti humwacha asiye na mtandao. Mahojiano ya ana kwa ana yanayofanyika mchana huwakosa walio kazini. Hakuna mbinu isiyoacha mtu, ila ripoti nzuri hukiri ilimwacha nani na ilifanya nini kuhusu hilo.

Wangapi walikataa? Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliona kiwango cha watu wanaokubali kuhojiwa kwa simu kikishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Watu wengi wakikataa, wale waliobaki huenda ni wa aina moja: wanaopenda siasa, au wanaoamini taasisi.

Ni watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura? Makundi haya matatu hutoa majibu tofauti, na vyombo vya habari huyachanganya bila kusita.

Onyo. Kura za kwenye ukurasa wa kituo cha redio, za kutuma ujumbe mfupi, au za kubonyeza kitufe kwenye mitandao ya kijamii hazipiti hatua hii hata zikiwa na washiriki laki tano. Washiriki walijichagua wenyewe, na timu ya kampeni inaweza kuwaita wafuasi wake wote kwa dakika chache. Usizifanyie hesabu yoyote. Zipite.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja kama hii: "Waliohojiwa ni wapigakura waliojiandikisha, waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya namba za simu, wasio na simu hawamo."

## Hatua ya 4: Angalia uzani

Sampuli ikija na wanaume wengi mno au wenye shahada wengi mno, kampuni huyapa majibu uzani: jibu la kundi lililopungua huhesabiwa kwa nguvu zaidi. Si udanganyifu. Ni lazima ifanyike, lakini ni uamuzi wa binadamu, na uamuzi huo unaweza kusogeza matokeo.

Mwaka 2016 gazeti la New York Times liliwapa wataalamu wengine majibu ghafi ya wapigakura 867 wa Florida, kila mmoja ayachakate kwa njia yake. Majibu yalikuwa yale yale. Ukijumlisha hesabu ya gazeti lenyewe, matokeo yalipishana kuanzia Hillary Clinton akiongoza kwa pointi 4 za asilimia hadi Donald Trump akiongoza kwa pointi 1.

Kwenye ripoti tafuta orodha ya sifa zilizotumika kuweka uzani. Umri, jinsia na eneo ndiyo za chini kabisa. Elimu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: tafiti kadhaa za majimbo ya Marekani mwaka 2016 hazikuirekebisha, na kwa kuwa wasomi hukubali kuhojiwa kwa urahisi zaidi, nguvu ya Trump ikapunguzwa. Ripoti isiyosema neno lolote kuhusu uzani iwekee alama ya kuuliza kwenye daftari lako.

## Hatua ya 5: Soma swali lenyewe, kwa sauti

Kwa sauti, kwa sababu wahojiwa wengi walilisikia, hawakulisoma. Swali linalokukwaza ulimi liliwakwaza na wao.

Mwaka 1992 kampuni ya Roper iliwauliza Wamarekani kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walijibu "inawezekana", na nchi ikashtuka. Swali lilikuwa na ukanushi juu ya ukanushi, watu wakapotea humo. Lilipoulizwa upya mwaka 1994 kwa maneno ya wazi, idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 1 hivi. Fikiria jinsi tuhuma nzito namna ile ilivyobebeshwa watu kwa sababu ya sentensi iliyopinda.

Hata neno moja hutosha. Mtafiti Donald Rugg aliripoti mwaka 1941 kwamba Wamarekani walipoulizwa kama nchi yao *iruhusu* hotuba za kupinga demokrasia, asilimia 62 walisema isiruhusu. Wengine walipoulizwa kama nchi *ipige marufuku* hotuba hizo, asilimia 46 tu ndio waliotaka marufuku. Kwa kanuni ya sheria mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Kwenye sikio la mhojiwa, sivyo.

Ukiwa na hojaji mkononi, kagua:

1. Je, swali limebeba sifa au lawama ndani yake? "Je, unaunga mkono mpango wa kuokoa wakulima" limeshajijibu.
2. Je, linauliza mambo mawili kwa pamoja? "Umeridhika na elimu na afya?" halina jibu moja.
3. Nini kiliulizwa kabla yake? Maswali matano kuhusu ugumu wa maisha yakitangulia swali la kura, aliye madarakani huumia.
4. Je, mhojiwa aliruhusiwa kusema "sijui"?

Hili la nne si dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti huko Cincinnati waliwauliza watu maoni yao juu ya sheria waliyoiita Public Affairs Act ya 1975. Sheria hiyo haikuwepo kabisa. Takriban thuluthi moja ya waliohojiwa walitoa maoni hata hivyo. Kwa hiyo, ukiona utafiti kuhusu mkataba au muswada ambao hata watu wanaofuatilia habari hawauelewi vizuri, na walio na msimamo ni karibu wote, usiamini kwamba umma una msimamo. Watu wana adabu tu: wameulizwa, wakajibu.

Fikiria pia mahali swali lilipoulizwa. Anayehojiwa mbele ya jirani au mwajiri anaweza kutaja jina lililo salama badala ya lile la moyoni.

## Hatua ya 6: Fanya hesabu ya ukingo wa makosa

Sasa ndiyo unaruhusiwa kutazama asilimia.

Chukua idadi ya waliohojiwa, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 98 kwa jibu hilo. Unachopata ni ukingo wa makosa kwa pointi, yaani umbali ambao asilimia halisi inaweza kuwa juu au chini ya ile iliyochapishwa, kwa kiwango cha kawaida cha uhakika wa asilimia 95.

- Watu 100: takriban pointi 9.8 kila upande
- Watu 400: takriban 4.9
- Watu 1,000: takriban 3.1
- Watu 2,400: takriban 2

Ona kwamba ukiongeza watu mara nne, ukingo unapungua nusu tu. Ndiyo maana kampuni nyingi husimama kwenye watu elfu moja au mbili. Ukubwa wa nchi hauingii hapa: sampuli nzuri ya watu 1,000 ina ukingo ule ule kwa taifa la watu milioni 5 na la milioni 200.

Kosa ninaloliona kila uchaguzi linafuata. Tuseme mgombea wa kwanza ana 46, wa pili ana 43, waliohojiwa ni 1,000. Msomaji anasema: "Tofauti ni 3, ukingo ni 3.1, wako karibu sawa." Amekaribia, lakini ukingo huo wa 3.1 ni wa mgombea mmoja mmoja. Tofauti kati yao ina ukingo wake, ambao kwa wagombea wawili wakuu ni karibu mara mbili, hapa takriban 5.8. Maana yake, wa kwanza anaweza kuwa mbele kwa karibu pointi 9, au nyuma kwa karibu 3. Kanuni ya haraka: tofauti isipofika mara mbili ya ukingo uliochapishwa, usiandike "anaongoza" bila kuongeza kwamba haijathibitika.

Makundi madogo ni hatari zaidi. Ripoti ya watu 1,000 inaweza kusema "vijana wa mjini wamemkimbia mgombea fulani", kumbe vijana hao ni 100. Rudi kwenye orodha hapo juu: pointi 9.8 kila upande. Tafuta idadi ya kundi kwenye jedwali, ufanye hesabu upya kwa idadi hiyo.

Onyo. Hesabu hii hupima makosa ya bahati tu. Haioni orodha mbovu ya majina, swali lililopinda wala mhojiwa mwoga. Literary Digest ingekuwa na ukingo mdogo ajabu.

## Hatua ya 7: Wasioamua wamekwenda wapi

Kwenye mfano wetu, 46 na 43 zinaacha 11. Hao ni wasioamua, waliokataa kujibu na wa wagombea wadogo.

Kuna wanaowaondoa kwenye hesabu na kugawa upya waliobaki. Ukifanya hivyo, 46 inakuwa karibu 52, na ghafla kichwa cha habari kinasema mgombea amevuka nusu. Hakuna mpigakura hata mmoja aliyebadili mawazo. Angalia kama asilimia zinajumlika hadi 100 bila wasioamua. Zikijumlika, tafuta waliondolewa ukurasa gani. Na kama wasioamua ni wengi kuliko tofauti ya wagombea, iandike hiyo kwanza kuliko jina la anayeongoza.

## Hatua ya 8: Pima kwa kanuni ya ushindi

Mwaka 2016 tafiti za kitaifa za Marekani zilimweka Clinton mbele kwa pointi 3 hivi. Alipata kura nyingi zaidi kwa takriban pointi 2, kwa hiyo tafiti hizo hazikuwa mbali na ukweli. Urais ukaenda kwa Trump, kwa sababu unaamuliwa na wajumbe wa majimbo. Waliosoma utafiti wa kitaifa kana kwamba ndiyo kanuni ya ushindi walishtuka bure, ingawa tafiti za baadhi ya majimbo nazo zilikosea kweli.

Kwenye mfumo wa wabunge mambo huwa tofauti zaidi: mwaka 2024 chama cha Labour cha Uingereza kilipata karibu asilimia 34 ya kura, kikachukua viti 411 kati ya 650. Na pale sheria inapodai zaidi ya nusu ya kura, 46 dhidi ya 43 maana yake ni duru ya pili, si ushindi.

## Hatua ya 9: Linganisha na tafiti nyingine

Linganisha utafiti huu na uliotangulia wa kampuni hiyo hiyo, kwa swali lile lile. Mgombea aliyepanda kutoka 41 ya kampuni moja hadi 45 ya kampuni nyingine huenda hajapanda hata kidogo. Amebadilishiwa kipimo.

Kisha tazama tafiti kadhaa za kipindi kimoja. Wastani wake kwa kawaida hutulia kuliko utafiti mmoja, lakini haukukingi na kosa ambalo kampuni zote zimelifanya kwa pamoja. Uingereza mwaka 2015 karibu kila utafiti ulionyesha vyama viwili vikubwa vikilingana, na Conservative wakashinda kwa zaidi ya pointi 6. Uchunguzi uliofuata uliona chanzo kikuu ni sampuli zisizowakilisha wapigakura. Utafiti mmoja ukipishana sana na wenzake, usiutupe wala usiukumbatie. Rudi nao Hatua ya 3.

## Hatua ya 10: Andika maelezo yako, ndipo usambaze

Kabla ya kubonyeza, angalia sheria ya mahali ulipo. Italia inazuia kuchapisha matokeo ya kura za maoni katika siku 15 za mwisho kabla ya uchaguzi. Ufaransa inazuia siku ya kuamkia uchaguzi na siku yenyewe.

Kama ripoti haikujibu swali la Hatua ya 3, 4 au 5, iandikie kampuni na uombe hojaji na maelezo ya uzani. Kampuni makini hujibu, kwa sababu kuweka mbinu wazi ni sehemu ya kazi yao. Isipojibu, usisambaze.

Ikijibu, ujumbe wako uwe na mambo haya yote kwa pamoja: kampuni, mfadhili, tarehe za mahojiano, walivyopatikana, idadi, ukingo, wasioamua, na kiungo cha ripoti. Mfano:

> "Kampuni fulani, kwa malipo ya gazeti fulani, iliwahoji wapigakura 1,000 kwa simu kuanzia tarehe 3 hadi 6. Wa kwanza 46, wa pili 43, wasioamua na wengineo 11. Ukingo ni 3.1 kwa kila mmoja, hivyo haijathibitika nani yuko mbele. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu. Ripoti kamili hii hapa."

Hifadhi daftari lako. Matokeo rasmi yakitangazwa, toa tofauti ya wagombea iliyotabiriwa na kila kampuni kwenye tofauti halisi, uandike pengo hilo kando ya jina la kampuni. Fanya hivyo kwa chaguzi mbili tatu, na utakuwa na orodha yako mwenyewe ya kampuni za kuanza nazo uchaguzi ujao.